Kitambaa Chekundu Kwenye Mfuko wa Senene

Jumatatu, 4 Novemba

Mikono imekuwa myeusi tena. Utomvu wa mgomba hauogopi sabuni. Tangu asubuhi tunamenya machipukizi, mimi na kisu changu, Zabroni na panga lake. Unakata majani yote, unamenya tunguu la chini mpaka libaki jeupe kama muhogo, kisha Zabroni analitumbukiza kwenye pipa la maji ya moto ili wadudu fukusi wafe. Ndiyo kazi ya kitalu chetu kila mvua zikianza. Mgongo unauma. Nimefurahi hata hivyo. Mvua imekuja vizuri na Zabroni anapiga mluzi wa kwaya siku nzima, tena nje ya sauti.

Oda kubwa mbili wiki hii. Akina mama wa kanisa kule Nyakatuntu wanataka ndizi za kupika, shamba la kulishia watoto wa chekechea na wajane. Mzee Kaijage wa hapa hapa Kihanga anataka kainja, ndizi za pombe. Pombe yake hiyo, rubisi, haikosekani kwenye harusi yoyote ya huku.

Mgomba wa kainja ukiwa na majani utaujua ukiwa mbali. Kingo za majani nyekundu, shina limepakwa unga mweupe. Ukishamenywa, kwisha. Tunguu ni tunguu. Ndiyo maana bosi wetu, Mama Koku, aliweka sheria: rundo la pombe lichomekewe kijiti chenye kitambaa chekundu. Mwenye kuchomeka ni mimi. Cheo kidogo, lakini nakipenda.

Alhamisi, 7 Novemba

SENENE WAMESHUKA!

Niliwahi kitaluni kabla ya jua, maana gari la mizigo lilikuwa linakuja mchana. Mara nikasikia vigelegele mlimani. Nikatazama nyasi za ng'ambo. Zinacheza. Zimejaa wale panzi wetu wa kijani, watamu! Wanawake wa kijiji kizima wameinama na ndoo, mabeseni, mifuko ya unga. Zabroni akacheka, akaniambia niende, yeye angechochea moto. Sikungoja aseme mara mbili.

Nilikuwa na mfuko lakini sikuwa na kamba ya kufungia mdomo. Senene hawakai kwenye mfuko ulio wazi, hata mtoto anajua. Nikatazama huku na huku. Nikachomoa kitambaa chekundu kwenye kijiti. Nitakirudisha, nikasema.

Mungu wangu, raha niliyoipata. Umande mpaka magotini, miguu ya senene inachoma viganja, wanawake wanatukanana kwa upendo kila anayeingia eneo la mwenzake. Mfuko ukajaa. Mvua ikapiga kidogo. Tukaendelea.

Niliporudi Zabroni alikuwa ameyahamisha marundo yote mawili chini ya turubai, yasiloe. Kijiti kimeanguka. Dereva anapiga honi. Zabroni akaniuliza, hili la kushoto ndilo la pombe? Nikasema ndiyo. Nilisema kwa sauti ya meneja kabisa. Moyoni sikuwa na hakika. Nusu kwa nusu.

Gari likaondoka na Zabroni juu ya mizigo.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekaanga senene wa kwanza kwa vitunguu na chumvi. Wa kwanza anapewa mume, ndiyo desturi. Amosi akala macho amefumba. Akaniahidi kitenge. Tutaona.

Nikapeleka bakuli kwa Mama Koku, nikampakulia Zabroni bakuli lake peke yake. Yeye ndiye aliyenipa ruhusa. Alikula polepole, mmoja mmoja, akanishukuru kama nimempa mbuzi.

Kitambaa chekundu bado kimefunga mfuko nyumbani. Nimekiona. Nikageuza uso.

Jumapili, 10 Novemba

Habari njema! Baada ya ibada Mama Koku alinivuta pembeni. Wanafungua kitalu kingine Nyakahanga, Januari, na anataka mimi niwe msimamizi. Mimi, Edina! Alisema anataka mtu makini. Nimerudi nyumbani natembea katikati ya barabara, bodaboda wananipigia honi. Amosi amekwishaanza kuniita bosi. Nimemwambia bosi hapiki, akapika yeye. Ndizi ziliungua lakini nimekula zote.

Jumatano, 27 Novemba

Siandiki vizuri leo.

Kuna machipukizi machache yaliyobaki siku ile ya senene, gari lilipoondoka. Yalitoka kwenye rundo la kulia, lile nililosema ni la kupika. Niliyapanda pembeni ya kitalu ili yasiharibike. Leo nimekwenda kupalilia. Yamechipua. Majani ya kwanza yamefunguka.

Kingo nyekundu.

Kwa hiyo akina mama wa Nyakatuntu wamepanda pombe. Shamba la kanisa! Na Mzee Kaijage ana ndizi za matoke za kumtosha yeye na ukoo wake. Nilicheka sekunde moja. Kisha nikakaa chini katikati ya magugu.

Zabroni hakuona. Hakuna aliyeona.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimeyang'oa yote asubuhi na mapema. Nimeyatupa kwenye shimo la mboji na kufunika kwa maganda. Mpaka jana lilikuwa kosa. Leo nimelifanya uongo.

Nimejiambia mambo mengi. Kwamba mgomba ni mgomba. Kwamba mpaka uzae nitakuwa Nyakahanga, na nani atakumbuka. Kwamba nikisema sasa, usimamizi basi tena. Hilo la mwisho ndilo la kweli. Mengine ni mapambo.

Mvua nazo hazisubiri. Mama Koku anasema mwisho wa kupanda ni katikati ya Desemba. Wale akina mama wakichelewa hapo, wamepoteza msimu mzima, na watoto wa chekechea watakula nini? Kainja? Nimejikasirikia.

Jumapili, 1 Desemba

Majilio yameanza. Mshumaa wa kwanza umewashwa. Kwaya ilikuwa nzuri mno, hata Zabroni alipatia sauti yake.

Wakati wa kuungama tuliungama wote kwa pamoja, kanisa zima, kwa sauti. Mimi nilipaza kuliko wote. Ni rahisi sana. Dhambi ikiwa ya watu wote huwa si ya mtu. Nilipokaa nikamwona Zabroni mstari wa mbele, shati lake la kazi limefuliwa likang'aa. Nikaimba wimbo uliofuata bila kusikia nilichoimba.

Jumatatu, 2 Desemba

Siku mbaya.

Mzee Kaijage ameingia kitaluni kabla ya chai, fimbo mkononi, kofia imekaa upande. Nikasema shikamoo. Hakuitikia, na yeye ni mtu wa kuitikia hata shikamoo ya mbuzi. Akamtupia Mama Koku mche miguuni. Umechipua majani ya kijani tupu. "Nitawapa maharusi matoke wanywe?" Watu waliokuja kununua miche walicheka. Mimi karibu nicheke pia, Mungu anisamehe.

Halafu akamgeukia Zabroni. Akasema ndiye aliyeshusha mzigo kwake, ndiye amemwibia kainja, ameuza kwingine. "Mrundi huyu! Atajua nini kuhusu migomba?" Babu yake Zabroni ndiye aliyekuja kutoka Burundi. Zabroni amezaliwa Kihanga, amebatizwa Kihanga, amemenya machipukizi mengi kuliko sisi wote. Mbele ya watu wote hao.

Mama Koku akasema atachunguza, na kama ni uzembe wa Zabroni basi mwisho wa wiki aende nyumbani.

Zabroni akanitazama. Mara moja tu. Hakusema kwamba aliniuliza. Hakusema kwamba nilijibu ndiyo. Akarudi kwenye pipa lake, akachochea moto.

Na mimi nikaendelea kumenya. Mimi ni mwoga. Nimeliandika hapa ili nilisome kesho.

Jumanne, 3 Desemba

Nimeomba ruhusa mapema, nikaenda kwa Mwinjilisti Tabita. Ndiye mlezi wa sisi wanawake hapa mtaani, mjane, anacheka kwa mwili wote. Nilimkuta barazani na beseni la senene, anang'oa mbawa na miguu. Akanisogezea kigoda na nusu ya beseni. Kwake huwezi kulia mikono mitupu.

Nikamweleza yote. Kitambaa, marundo, shimo la mboji, Nyakahanga. Nikamwambia nimetubu kila usiku. Akaniuliza nimemtubia nani. Mungu, nikasema.

"Mungu alikuona ukifunga ule mfuko, mwanangu. Yeye hana habari mpya hapo. Sasa kamwambie asiyejua."

Nikaanza: lakini senene walikuwa wameshuka siku hiyo, na mvua, na dereva. Akanikatiza. Kesho, akasema, hilo 'lakini' liache nyumbani. "Usimsingizie senene. Senene hakuajiriwa kitaluni."

Tukacheka mpaka mbawa zikaruka. Nilicheka na machozi yanashuka. Kisha akawa mkali. Nisianze kwa kuomba kazi yangu ibaki, nianze na jina la Zabroni. Na kama alitukanwa mbele za watu, asafishwe mbele za watu, si kwa kunong'ona ofisini. Nifike na njia ya kurekebisha nilichoharibu, si machozi tu. Halafu watakachoamua nikipokee. Mficha uchi hazai, akamalizia, na akanipa senene wa kubeba. Hata kwenye toba huko kwake hutoki bila chakula.

Nimemweleza Amosi pia. Akasema kumbe ndiyo maana nilikuwa nakikwepa kile kitambaa. Kisha akasema atanipeleka kwa pikipiki asubuhi, ili nisije nikapotea njia. Ananijua huyu.

Jumatano, 4 Desemba

Nimesema.

Nilimtuma Amosi akamlete Mzee Kaijage. Alikuja amenuna, na watu wake wawili. Wanunuzi walikuwepo. Mama Koku alikuwepo. Zabroni alikuwa anakoka moto, nikamwomba asimame hapo mbele. Nilikuwa nimekishika kile kitambaa.

Nikasema: Zabroni hakuiba na hakukosea. Aliniuliza rundo lipi ni la pombe na mimi nikajibu bila kujua. Kitambaa hiki nilikitoa mimi nikafungie senene. Wiki iliyopita niliona ushahidi nikauzika kwenye mboji. Juzi alitukanwa kwa ajili yangu nikanyamaza. Zabroni, nisamehe. Mzee, nisamehe. Mama Koku, nisamehe.

Sikuweka lile 'lakini'. Lilinifika mpaka kwenye ulimi, nikalimeza.

Kisha Mzee Kaijage akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa vizuri: kwa hiyo kainja yangu iko wapi? Nikamwambia. Shamba la akina mama wa kanisa, Nyakatuntu.

Waitu! Yule mzee alicheka. Alicheka akashika mti. Alikaa chini. Kofia ilianguka. Watu wote wakafuata, Mama Koku akajifunika uso kwa khanga, mabega yanaruka. Hata mimi, na sikustahili.

Alipopata pumzi alisimama akamwendea Zabroni. Akavua ile kofia. Akasema mdomo wake ulikosea, na hakupaswa kutaja babu ya mtu. Akampa mkono, mikono miwili. Zabroni akasema yameisha, mzee.

Nikamuuliza Zabroni pembeni kwa nini hakunitaja juzi. Alitazama moto. "Dada Edina, mtu umekula senene wake wa kwanza. Utamshitakije?" Nilikwenda nyuma ya kitalu, nikalia kilio kizuri.

Mama Koku aliniita mwisho. Amekwishaacha kucheka. Nyakahanga hapana, si Januari hii. Atatafuta mwingine, na msimu ujao atanitazama upya. Kosa la marundo angelisamehe siku ile ile, alisema. La mboji ndilo linamuuma. Nikasema amefanya haki. Ni haki kweli. Inauma kweli vilevile.

Lakini usiku huu nimekula ndizi sahani mbili. Sijala hivi tangu Jumatano iliyopita.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimepiga simu Nyakatuntu kwa mwenyekiti wa akina mama. Nilimwambia mwenyewe, Mama Koku amesimama tu pembeni. Yule mama akauliza mara mbili: pombe? Kwenye shamba la kanisa? Kisha nikasikia anawaita wenzake waje wasikie, na kicheko cha wanawake kikajaa kwenye simu. Kumbe walikuwa wameanza kuona wekundu kwenye majani, wakadhani ni ugonjwa. Walikuwa wameyaombea.

Nimeomba kwenda Jumamosi nikang'oe na kupanda upya kwa mikono yangu. Wamekubali. Mzee Kaijage naye atang'oa yake na kuleta. Tunabadilishana. Mvua bado ipo. Asante Mungu, mvua bado ipo.

Jumamosi, 7 Desemba

Sijui kama nimewahi kuwa na siku nzuri hivi tangu harusi yangu.

Tuliondoka alfajiri kwenye gari la Mzee Kaijage, miche ya kupika imesimama na udongo wake kwenye magunia, mimi na Zabroni katikati yake, mzee mbele na kofia mpya. Mama Koku alituma kisu chake mwenyewe. Akina mama walikuwa shambani tayari, majembe begani, wanaimba. Nilishuka nikitaka kupiga magoti. Mwenyekiti akanishika mkono akanipa jembe. Toba yako ni hii, akasema, mashimo yale pale.

Tumechimba. Tumeng'oa kainja taratibu isikatike mizizi, tumeweka ndizi za kupika mahali pake, samadi, majani makavu juu. Mimi nilichukua mstari wa mteremko, ule mgumu. Hakuna aliyenizuia. Zabroni aliwafundisha wimbo, nje ya sauti kabisa, nao wakauimba vile vile alivyowafundisha. Sasa wimbo umeharibika Nyakatuntu nzima.

Mzee Kaijage alikuwa anabeba kainja yake kwenye gari kama watoto wachanga. Akina mama hawakumwacha. Mmoja akampigia kelele kutoka mstari wa mwisho: "Mzee, migomba yako imekaa kanisani mwezi mzima. Wewe tu ndiye bado!" Akajibu kwamba atakuja, wamwandalie kiti cha karibu na mlango. Wakamwambia mlangoni kumejaa, zipo nafasi mbele tu.

Mchana walitupakulia matoke na maharage na karanga. Nilikaa kati ya Zabroni na mzee. Walikuwa wanabishana kuhusu fukusi, na Zabroni alikuwa anashinda. Mzee anataka akamtengenezee pipa la maji ya moto kwake.

Nimerudi na malengelenge viganja vyote viwili. Nayatazama nacheka.

Jumapili, 8 Desemba

Mshumaa wa pili. Wakati wa kuungama nilisema taratibu, kwa sauti yangu ya kawaida. Mwinjilisti Tabita alinikonyeza. Mwinjilisti! Kanisani!

Jumatatu, 16 Desemba

Kazi. Nimependekeza kwa Mama Koku tusitumie kitambaa peke yake. Kila tunguu la pombe tulichanje alama ya kisu, ndogo, chini. Kitambaa kinaweza kutembea, tunguu haliwezi kuhama na alama ya mwenzake. Akakubali. Akanipa kazi ya kuchanja. Nilichanja mpaka jioni, na Zabroni akawa anakagua nyuma yangu. Ni sheria niliyoiomba mwenyewe.

Msimamizi wa Nyakahanga amepatikana, dada mmoja mpole. Nilimpa hongera. Niliposema nilimaanisha robo tatu. Ile robo itakuja.

Amosi ameleta kitenge. Cha kijani, rangi ya senene. Ana maneno huyu mtu.

Jumapili, 29 Desemba

Mvua imepungua. Amosi amenipeleka Nyakatuntu kuwasalimia akina mama. Sikukuu imepita, watu wamepumzika, njia ilikuwa na vumbi kidogo kwa mara ya kwanza.

Tuliingia shambani na mwenyekiti. Miche imeshika. Majani mapya, ya kijani, mstari kwa mstari. Mwisho wa mteremko, kwenye ule mstari wangu, mgomba mmoja kingo nyekundu. Niliuruka siku ile. Nikainama niung'oe, aibu imenipanda.

Mwenyekiti akanizuia. Waliuona wiki iliyopita, wakakubaliana uachwe. Ukizaa watakamua juisi yake mbichi, mramba, wawanyweshe watoto wa chekechea kabla haijachacha. Na umekwisha kupewa jina. Unaitwa Edina.

Nilichuchumaa nikaupalilia. Magugu machache tu. Kitambaa kilikuwa kwenye mkoba wangu, nimekuwa nakibeba bila kujua kwa nini. Nikakitoa, nikakifunga kwenye shina, si kwa kukaza sana, maana utanenepa.